Mjomba, viatu nimevificha kwenye buti la gari

Shikamoo Mjomba.

Naomba usinitaje jina wala mji, maana shemeji yangu anasoma kila kitu cha Kiswahili kinachopita mtandaoni.

Nina miaka 32, mzaliwa wa Pangani, Tanga. Nipo Minnesota, Marekani, mwaka wa sita sasa, na mke wangu na binti yetu wa miaka mitatu. Tulikuja kwa ile bahati nasibu ya green card. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mimi napakia mizigo ghalani kwa dola 21 kwa saa. Tunapishana mlangoni: yeye anaingia saa moja asubuhi, mimi nafunga kamba za viatu, mtoto tunapokezana kama kijiti cha mbio.

Aliyetupokea huku ni kaka wa mke wangu. Tulilala sebuleni kwake miezi mitano na hakuwahi kununa hata siku moja. Yeye ni nesi, na alisema tangu mwanzo kwamba nami niwe nesi. Alinilipia dola 3,500 za masomo ya kuanzia. Nimemaliza mawili, nimefaulu, na nafasi yangu ya kuanza unesi wenyewe ni Agosti.

Sasa ngoja nikueleze kilichonipata. Majira ya baridi mwaka juzi barafu iliganda kwenye waya mpaka zikalemewa zikakatika, tukakaa siku mbili gizani. Usiku wa pili nilitoka nje na kikombe cha chai kuangalia kama mtaa wa pili wana umeme. Nikawakuta mafundi. Nguzo ilikuwa nyuma ya nyumba ambako lori haliwezi kufika, kwa hiyo mmoja wao alipanda kwa miguu. Alifunga vyuma vyenye ncha kwenye viatu, akazungusha mkanda kwenye nguzo, akaanza: anakita mguu, anasogeza mkanda, anakita mguu. Vipande vya barafu vilikuwa vinadondoka chini yake kama glasi. Juu kule akavuta kamba, vikombe vya waya vikapanda ndani ya mfuko, akafanya kazi chini ya taa ya kofia yake. Nilisimama pale saa nzima. Chai iliganda mkononi, Mjomba, sikutanii. Taa zilipowaka mtaa mzima watu walipiga kelele madirishani, na yule jamaa hata hakugeuka, alikuwa anakunja kamba yake.

Kesho yake nikaanza kuulizia. Kumbe kuna kituo cha mafunzo, chama cha wafanyakazi na makampuni wanakiendesha pamoja, unajifunza huku unalipwa. Walitaka cheti cha sekondari, hesabu za aljebra, leseni, halafu mtihani na usaili. Cheti changu cha kidato cha nne kilizunguka miezi mitatu kuthibitishwa. Aljebra niliirudia kwenye simu wakati wa chakula ghalani. Jumamosi nilikuwa namwambia mke wangu naenda kufanya ovataimu, kumbe nipo uwanjani najifunza kurudisha lori nyuma. Leseni ya malori makubwa nimeipata. Mtihani nimefaulu, usaili nimepita, jina likakaa kwenye foleni miezi minane. Jumatatu iliyopita wamenipigia.

Nikikubali naanza na wiki za kujifunza kupanda, kisha napelekwa kazini. Mshahara wa kuanzia ni asilimia 60 ya ule wa fundi kamili, kwangu ni kama dola 31 kwa saa, na unapanda kila nikimaliza saa 1,000. Jumla ni saa 7,000. Bima ya afya ipo. Ila naweza kupelekwa Iowa au Dakota Kaskazini wiki kadhaa, kokote kazi iliko. Wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Kinachonikaba ni baba yangu. Alikuwa mkwezi. Nazi za watu ndizo zilizotulisha. Nikiwa darasa la tano alianguka kutoka kwenye mnazi, nami nilikuwa chini naokota. Nyonga ilivunjika, na mpaka leo anachechemea. Mwenye shamba alileta kilo tano za unga na pole. Baba aliapa mbele yetu sote kwamba katika uzao wake hakuna atakayekula kwa kupanda. Nimwambieje kwamba nimevuka bahari nije kupanda nguzo?

Nilimjaribu mama kwenye simu, nikasema kuna rafiki yangu anataka kazi hiyo. Akanijibu palepale: "Mwambie kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma." Nikabadilisha mazungumzo.

Tena nimeshanunua viatu. Ni vya ngozi, vinafika karibu na goti, soli ina chuma na kisigino kirefu ili vyuma visiteleze. Dola 420. Nimevificha kwenye buti la gari chini ya koti. Juzi binti yangu kavichomoa, kaingia navyo ndani akiburuza kimoja. Mke wangu akauliza, "Vya nani hivi?" Nikasema vya rafiki. Alinitazama, akavirudisha mwenyewe kwenye gari, hakusema neno. Tangu siku hiyo nyumba ina ukimya nisiouelewa.

Nifanyeje, Mjomba? Niende Agosti nikawe nesi ili watu wote wawe na amani, au nimvunje moyo baba, shemeji na mke wangu kwa pamoja?

Mwenye viatu, Minnesota

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilifanya jambo la kizee, nikahesabu mistari. Unesi umeupa sentensi tatu. Yule fundi kwenye barafu umempa aya nzima, mpaka mfuko wa vikombe ukipanda kwenye kamba. Hilo nimeliweka pembeni, sijalifanya hukumu, maana mtu anaweza kupenda kutazama ngoma na asiweze kuicheza hata wimbo mmoja.

Kwa hiyo tuanze na ngoma yenyewe. Ulichokiona usiku ule ni saa moja ya kazi ya mtu aliyekwisha kuhitimu. Wewe miezi yako ya mwanzo utakuwa chini. Utachimba mashimo, utafunga vifaa kwenye kamba ili aliye juu avivute, utafagia lori, utatumwa ufunguo namba fulani na ukileta mwingine utasikia maneno. Una miaka 32, na anayekutuma anaweza kuwa kijana wa miaka 22. Mwanagenzi ni mwanagenzi, Pangani au Minnesota. Jumamosi nyingine utakuwa darasani, na dhoruba ikipiga, zamu ya saa 16 kazini na 8 za kulala ni jambo la kawaida. Kimbunga Helene kilipovuruga majimbo ya kusini mashariki Septemba 2024, makumi ya maelfu ya wafanyakazi walitoka majimbo ya mbali kwenda kurudisha umeme. Hesabu ya fedha za dhoruba ni tamu, ila zinalipiwa na anayebaki nyumbani na mtoto. Nitarudi kwake.

Sasa hatari. Hukuuliza, ila baba yako ameiuliza kwa niaba yako tangu ukiwa darasa la tano. Mafundi laini, yaani mafundi wa nyaya za umeme za nje, wapo mara nyingi kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya kazi zenye vifo vingi kwa kila wafanyakazi laki moja. Tena kuanguka ni nusu ya hadithi. Waya nyingi za mitaani huko zina volti 7,200 kati ya waya na ardhi, wakati nyumbani mwako mnatumia 120 na 240. Na kuna mtego nimeelezwa na fundi mmoja, ukanitoa jasho: umeme umekatika, laini imezimwa, fundi anajua haina kitu. Nyumba ya tatu mtu kawasha jenereta, kaichomeka kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kuitenga na laini. Umeme wake unatoka nje kinyumenyume, unaingia kwenye transfoma, na transfoma haijui adabu ya mbele na nyuma: zile 240 inazipandisha kuwa maelfu, zinarudi kwenye waya ambao fundi ameambiwa umekufa. Ndiyo maana wenyewe husema waya usiofungwa ethi, yaani usiounganishwa na ardhi, bado unaishi. Wanaupima, wanaufunga ethi, ndipo wanaugusa. Ukiwa mtu wa kuruka hatua kwa sababu umechoka au kwa sababu mkubwa wako ana haraka, hili lifikirie kabla ya kufikiria dola 31.

Kwa upande wa pili, kazi hii imejifunza kwa maumivu. Mafundi walipokutana St. Louis mwaka 1891 kuunda chama chao cha wafanyakazi wa umeme, rais wa kwanza alikuwa fundi laini, Henry Miller. Mwaka 1896 alipigwa na umeme akiwa kazini, akaanguka, akafa. Zama hizo mtu alipewa vyuma na mkanda akaambiwa apande. Saa 7,000 unazoandikiwa leo chini ya macho ya fundi zimetokana na habari za namna hiyo. Na ule mkanda uliouona ukizungushwa kwenye nguzo: tangu Aprili 2015 kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka fundi awe na kinga ya kuanguka hata wakati wa kupanda, isipokuwa mwajiri aonyeshe kwamba haiwezekani au inaongeza hatari. Zamani wengi walipanda wazi, wakajifunga wakifika juu. Wazi kabisa, kama wakwezi wetu.

Hapo ndipo nataka kukuuliza juu ya baba yako. Siku ile ulikuwa mtoto chini ya mnazi. Ulichokiona ni baba akianguka, na picha hiyo haikutoki. Yeye alichokiona huenda ni kingine. Yeye aliiona miezi ya kitandani, akawaona ninyi mkilala na njaa, akaziona kilo tano za unga. Alipoapa, je, aliapia urefu wa mnazi, au aliapia kupanda bila kamba kwa ajili ya mtu ambaye ukivunjika hana habari nawe? Huko uliko sheria ya Minnesota inamlazimu mwajiri kuwa na bima ya kuumia kazini. Haiunganishi nyonga, wala haimfufui mtu. Lakini ni jambo ambalo mkwezi wa Pangani angependa kulisikia, akalipima mwenyewe.

Inawezekana ukimweleza yote atasema hapana, tena kwa ukali. Basi angalau utakuwa umekataliwa na baba yako mwenyewe. Sasa hivi unakataliwa na baba uliyemtengeneza kichwani ukiwa na miaka kumi na moja. Na mama yako usimhesabu kuwa amekwisha kujibu. Ulimuuliza juu ya rafiki asiyekuwepo, naye akamjibu rafiki asiyekuwepo.

Mke wako sasa. Umeandika kwamba ukimya wake huuelewi. Ruhusa niseme, unauelewa kidogo. Mwanamke anayeona mumewe anatoka kila Jumamosi, kisha anakuta kwenye gari viatu vya dola mia nne vya kipimo chake, na anaambiwa ni vya rafiki, hawazi nguzo za umeme. Anawaza mambo mengine. Huenda saa hizi ana picha mbaya mara kumi kuliko ukweli. Tena katika barua nzima umesema "nimvunje moyo" bila kueleza kama amewahi kukwambia anataka uwe nesi. Anayetaka hivyo ni kaka yake. Yeye anaifanya kazi ya wagonjwa kila usiku. Anajua mgongo unavyouma baada ya kuwageuza wazee kitandani, na wasaidizi wa wauguzi nao wamo miongoni mwa wanaoumia sana kazini huko Marekani. Usidhani unamletea uchaguzi kati ya kazi salama na kazi ya kufa. Yeye anajua kwa mwili wake kwamba hata kazi ya wagonjwa inaumiza.

Ila ana swali moja ambalo usipokwenda nalo mkononi hutakuwa na la kusema: ukiwa Dakota Kaskazini wiki tatu, na yeye anaingia kazini saa nne usiku, mtoto analala na nani? Hapo mpango wenu wa kijiti unavunjika. Atahama zamu? Mishahara ya mchana ni sawa na ya usiku? Kuna mama wa Kiswahili hapo mtaani anayelea watoto wa wenzake, na anatoza kiasi gani? Ukitoa gharama hiyo kwenye nyongeza yako, kinabaki nini? Kwa hesabu ya haraka, dola 10 zaidi kwa saa, wiki ya saa 40, ni kama dola 1,700 kwa mwezi kabla ya kodi. Mlezi wa usiku anaweza kuzila nyingi mwaka wa kwanza. Baadaye hali hubadilika, kwa kuwa fundi laini aliye katikati ya ngazi ya mishahara nchini humo anapata zaidi ya dola 85,000 kwa mwaka. Ni baadaye, lakini.

Njia zenyewe si mbili kama ulivyoziandika. Kuna tofauti kubwa kati ya fundi wa kampuni ya ujenzi wa laini, anayefuata kazi jimbo hadi jimbo, na fundi wa shirika la umeme la eneo, ambaye ana kituo chake, analala kwake siku nyingi, na huitwa usiku mambo yakiharibika. Mashirika hayo nayo huchukua wanagenzi, ila nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi. Ukiachia hii kwa kuisubiri ile, unaweza kukaa ghalani miaka mingine miwili. Kuna pia umeme wa ndani ya majengo, uanagenzi uleule wa kulipwa, bila safari ndefu na bila nguzo. Kwa jinsi ulivyoeleza ile barafu nina shaka kama utaridhika na soketi, lakini hilo ni lako kulijibu. Na unesi: chuo kinaweza kukuhifadhia nafasi mwaka mmoja? Barua pepe moja inatosha kujua. Kama jibu ni ndiyo, Agosti inaacha kuwa ukuta.

Kabla ya kutia saini popote, waulize kituo maswali ya mtu mzima. Ukikataa mwito huu, jina linarudi wapi kwenye foleni? Ukiacha katikati, kuna gharama ya mafunzo utakayodaiwa? Wiki za kujifunza kupanda zinalipwa au unajitegemea? Bima ya afya inaanza siku ya kwanza au baada ya saa kadhaa? Hilo la mwisho ni zito kwa mwenye mtoto, maana kati ya kuacha ghala na bima mpya kuanza kunaweza kuwa na miezi mko wazi. Kisha muulize fundi yeyote aliyeoa, mkiwa wawili tu, mke wake anasema nini.

Shemeji nimemwacha mwisho kwa kuwa yeye ndiye mwepesi kuliko unavyomwogopa. Una madeni mawili kwake na umeyachanganya. Moja ni dola 3,500. Hilo lina namba, na deni lenye namba hulipwa, iwe kwa mshahara wa nguzo au wa ghala. La pili ni sebule ya miezi mitano bila kununa. Hilo halilipiki kwa kuwa nesi. Utalilipa siku yeye au mwanawe atakapobisha hodi kwako. Nenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako, usimtume dada yake. Nenda na mpango wa kurudisha fedha ulioandikwa. Anaweza kukasirika kwa sababu ya fedha, lakini nadhani atakasirika zaidi akigundua kwamba mwaka mzima ulikuwa unakula naye pilau ya Idi huku una leseni ya lori mfukoni.

Utaratibu ni wako, lakini ningekuwa wewe ningeanza na mke, tena kabla ya wiki hii kwisha. Mtafute siku asiyoingia kazini, mtoto akiwa amelala. Usianze na mshahara. Anza na Jumamosi zile, maana ndizo zinazomuuma. Mpeleke pale nyuma ya nyumba, umwonyeshe nguzo. Kisha nyamaza, umwachie aseme hata kama atasema usiku kucha.

Baba umpigie akitoka swala ya alfajiri; kwako itakuwa kama saa tatu usiku. Usimwambie "kuna rafiki". Mwambie unataka kujua jambo moja tu: siku ile alikanyaga wapi mpaka akateleza. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumuuliza.

Na viatu vitoe humo kwenye buti. Baridi ya Minnesota na ngozi kavu haviendani, vitapasuka kabla hujavivaa. Vipake mafuta, viweke mlangoni pamoja na vya wenzako.

Niandikie mzee akisema nini.

Mjomba